Faida ya Kutupa Mshipi Mbali, na Mpaka Wake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tabora)



Katika mkutano uliopita lilitolewa shauri ya kwamba wanachama watakaokwenda Ujiji wakati wa livu wafanye mashindano ya kuvua samaki ufuoni, na kwamba zawadi apewe yule atakayeutupa mshipi wake mbali kupita wenzake wote. Shauri hilo lilipokewa kwa makofi mengi. Kamati ikaniomba nieleze mbele yenu kutupa mbali kuna faida gani kwa mvuvi asimamaye pwani, na kama kipimo hicho chafaa kutolewa zawadi. Nimekubali kwa furaha, nami nitajitahidi kusema kwa ufupi.

Sipingi mashindano. Michezo huwaleta watu pamoja, na karani aketiye mezani mwaka mzima ahitaji upepo wa ziwa. Lakini nitawaonyesha mambo matatu: kwanza, umbali ni kitu chenye faida kweli mahali fulani na wakati fulani, pili, mahali pengine ni kazi ya bure, tatu, ukitafutwa bila maarifa waweza kumwua mtu. Baada ya hayo nitaleta mashauri yangu, nanyi mtaamua.

Sisi watu wa Tabora hatuwezi kusema ya kwamba hatujui maana ya mbali. Mji wetu ulikua kwa sababu ya safari ndefu. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wasifike hapa, mahali walipopaita Kaze, hata mwezi wa Novemba. Na Ujiji walifika Februari 1858. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa kadiri ya frasila 2, ndiyo ratli 70, mbali na chakula chake, sufuria yake na mkeka wake. Wazee wale hawakuhesabu safari kwa kutazama ni nani awezaye kwenda mbali kabisa kwa siku moja. Waliihesabu kwa visima. Kambi ilipigwa penye maji, na kirangozi aliyekipita kisima jioni kwa kutaka sifa ya mwendo angaliwaletea wenzake kiu usiku kucha. Kadhalika walijua ya kuwa mzigo ukizidi kipimo haufiki, na ukiwa mdogo mno safari haina faida. Nawaombeni myaweke moyoni mambo hayo mawili, kisima na kipimo cha mzigo, maana mvuvi wa ufuoni ana mambo yayo hayo.

Sasa tutazame ufuo wenyewe. Mahali ambapo mawimbi ya bahari yanapiga mchanga pasipo kizuizi, maji huchimba na kujenga. Wimbi likifika maji machache huinuka, huvunjika, na kuanguka kwa kishindo. Hapo linapovunjika hurundika mchanga, likafanya fungu lililolala sambamba na pwani. Baina ya fungu lile na ukingo wa maji hubaki mfereji wenye kina kidogo zaidi. Mahali pengine kuna mafungu mawili au matatu, na mfereji nyuma ya kila fungu. Maji yaliyosukumwa pwani hayana budi kurudi, nayo hutafuta mahali penye pengo katika fungu, yakatoka kwa nguvu kama mto mwembamba uendao baharini. Mkondo huo ndio unaowachukua waogaji wasiojua.

Samaki hupita wapi? Hupita penye chakula. Wimbi linapovunjika hufukua kaa wadogo, chaza na funza wa mchangani. Chakula hicho huelea katika mfereji na katika pengo lile. Kwa hiyo mara nyingi samaki yu karibu na miguu ya mvuvi kuliko mvuvi adhanivyo, hasa maji yakiwa yamechafuka, alfajiri, jioni na usiku. Mtu asimamaye hapo na ufito mrefu, akautupa mshipi wake meta 100 ukavuka mifereji yote, amewapita samaki kama yule kirangozi alivyokipita kisima. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini siku nyingine samaki hawapo katika mfereji wa kwanza. Maji yamekupwa, jua ni kali, maji ni meupe, nao wamekwenda nyuma ya fungu la nje. Hapo mtu awezaye kutupa meta 60 tu, na fungu lipo meta 80, atashinda kutwa akivua mchanga. Mwenzake afikishaye meta 90 atakwenda nyumbani na kitoweo. Hii ndiyo faida ya kweli ya kutupa mbali: humpa mvuvi uwezo wa kuchagua. Awezaye kufika mbali aweza pia kutupa karibu akitaka; asiyeweza hana hiari.

Wenzetu waliozaliwa mrima watasema, "Mbona kwetu hatuoni mawimbi makubwa ya namna hiyo?" Wasema kweli. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina miamba ya matumbawe iliyolala mbali kidogo na nchi kavu, nayo mawimbi ya bahari kuu huvunjika huko juu ya mwamba, yakatufikia yakiwa yamechoka. Matumbawe hayapendi maji ya tope wala maji matamu. Ndiyo sababu penye midomo ya mito mikubwa mwamba hukatika, na mawimbi huingia hata pwani. Mtu akitaka kuona jambo hili na aende Malindi, mahali mto Sabaki unapomwaga udongo wake mwekundu, au kaskazini yake penye Ghuba ya Ungwana na mto Tana.

Bagamoyo, mwanzo wa njia yetu ya misafara, pana habari nyingine. Ufuo wake wateremka polepole sana, na maji yakipwa hurudi mbali, majahazi yakakaa juu ya mchanga. Jambo hilo la maji machache lilikuwa mojawapo la sababu zilizoifanya bandari ya Dar es Salaam kuishinda Bagamoyo zamani za Wadachi. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Wakati wa bamvua maji ya pwani yetu huinuka zaidi ya meta 3. Tuseme ufuo washuka meta 1 kwa kila meta 50 za mwendo. Maji yakiinuka meta 3, ukingo wake utasogea meta 150. Ni mtu gani katika mkutano huu atakayeutupa mshipi wenye chambo meta 150? Maji kujaa yenyewe yamefanya kazi ambayo mkono hauwezi. Mvuvi wa Bagamoyo atupaye kwa nguvu zake zote wakati wa maji kupwa, chambo chake chaweza kuangukia maji ya magotini. Na mzee aliyengoja saa chache maji yajae, akatupa hatua 20 tu, atampata changu au kolekole aliyekuja na maji. Basi huko ujuzi wa mwezi na wa maji wapita ujuzi wa ufito.

Sasa natuende upande wa pili wa njia, Ziwa Tanganyika, ambako ndiko mashindano yetu yatafanywa. Reli iliyofika Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwaka wa 1914, imeturahisishia safari ya karibu kilometa 400 ambayo babu zetu waliikata kwa miguu kupitia Uvinza penye chumvi na mto Malagarasi. Ziwa hilo lina urefu wa kadiri ya kilometa 670, na kina chake hufika meta 1,470; katika maziwa yote ya dunia, Baikal peke yake ndilo lililopita kwa kina. Halina kujaa na kupwa kama bahari. Mawimbi yake ni ya upepo, na miezi ya kiangazi, upepo wa kusini ukivuma sana, ufuo wake wavuma kama wa bahari.

Mtu aweza kudhani ya kwamba ziwa lenye kina namna hiyo lina samaki mpaka chini. Sivyo. Upande wa kaskazini, ukishuka kadiri ya meta 100, na upande wa kusini kadiri ya meta 200, hewa ndani ya maji huisha, na chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Viumbe vyote vimo katika tabaka ya juu, na walio wengi wa namna nyingi wamo ukingoni mwa ziwa, penye mawe na mchanga ambapo jua lafika. Majabali ya Kigoma na ya kusini yake yameteremka ghafula. Tuseme pwani ya mawe yashuka meta 1 kwa kila meta 2: mtu akitupa meta 40 tu, tayari ana kina cha meta 20 chini ya chambo chake. Akitupa meta 120 atakuwa na kina cha meta 60, na chambo chake kitakwama katika mawe asiyoyaona. Umbali umemwongezea kazi, wala si kitoweo.

Ufuo wa Ujiji ni wa mchanga, nao washuka taratibu zaidi. Hapo umbali una maana, na sababu yake moja ni weupe wa maji. Maji ya Tanganyika huonyesha mpaka chini meta nyingi, na samaki amwonaye mtu akisimama na kivuli chake kirefu hukimbia. Mvuvi mwenye chambo hatua 40 mbele yake ana nafasi kuliko yule mwenye chambo miguuni. Lakini dawa nyingine ya jambo hilo haina gharama: kusimama kimya, kuvaa nguo isiyong'aa, na kuvua jua lisipokuwa kali.

Na samaki wa biashara, yaani dagaa na mgebuka, hawamhusu mtupaji wa ufuoni. Dagaa mchana hushuka chini, usiku hupanda juu, mbali na nchi. Wavuvi wa Ujiji na Kigoma hawakujaribu kuwatupia kitu. Zamani walichoma moto wa kuni mbele ya mtumbwi, wakawachota kwa wavu wa mpini uitwao lusenga. Kisha zikaja taa za karabai, na siku hizi taa za betri na za umeme wa jua. Hufuata giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika, maana nuru ya taa haishindi nuru ya mbingu. Watu wale, badala ya kukipeleka chambo kwa samaki, humwita samaki aje. Dagaa tunaonunua katika soko la Tabora wamevuliwa kwa maarifa hayo.

Sasa niseme jinsi umbali upatikanavyo, maana wanachama kadhaa wameniuliza kama yafaa kununua fito za gharama kubwa.

Kitu cha kwanza ni mwendo wa chubwi, yaani ile risasi ya kuzamishia mshipi, wakati inapoachiliwa. Kama kusingekuwa na upepo wala hewa, chubwi lililotupwa kwa pembe ya nusu ya mraba lingefika umbali upatikanao kwa kuzidisha mwendo wake kwa mwendo wenyewe, kisha kugawanya kwa 9.8. Mwendo wa meta 30 kwa sekunde: 30 mara 30 ni 900, gawanya, utapata karibu meta 92. Mwendo wa meta 40: 1,600, gawanya, utapata meta 163. Angalieni: mwendo umeongezwa kwa thuluthi moja, umbali umeongezeka zaidi ya robo tatu. Kwa kweli hewa na mshipi unaoburutwa nyuma hupunguza sana hesabu hiyo, lakini kanuni yabaki: palipo na mwendo kidogo zaidi pana umbali mwingi zaidi. Mwendo huo hautoki katika mabega. Hutoka katika miguu, kiuno na mgongo, kwa kugeuza mwili wote taratibu na kumaliza kwa kasi, mkono mmoja ukivuta chini na mwingine ukisukuma juu. Kijana mwembamba aliyefundishwa humshinda mpiga mieleka.

Kitu cha pili ni uzito. Chubwi jepesi hushindwa na hewa. Chubwi zito mno huupinda ufito ukashindwa kurudi. Kila ufito una kipimo chake, na wale mrefu wa ufuoni kwa kawaida hupenda wakia 4 hata 6. Huo ndio mzigo wa mpagazi niliousema.

Kitu cha tatu ni mshipi. Mshipi mwembamba hupita hewani kwa wepesi, na mnene huburuta. Lakini mwembamba hukatika wakati wa kutupa. Kwa hiyo wavuvi wa ufuoni hufunga mbele ya mshipi mwembamba kipande cha mshipi mnene, kirefu cha kutosha kuzungushwa mara kadhaa katika gurudumu, kupita urefu wote wa ufito na kufika kwenye chubwi. Kanuni yao ni hii: kwa kila wakia 1 ya chubwi, kipande kile kiwe na nguvu ya ratli 10. Chubwi la wakia 5 lataka mshipi wa mbele wa ratli 50, hata kama ule wa nyuma ni wa ratli 15. Na hii ni kanuni ya kulinda maisha ya watu, kama nitakavyoeleza.

Kitu cha nne ni chambo. Kipande kikubwa cha samaki kinachopepea hewani ni kama bendera: humrudisha mtupaji nyuma hatua nyingi. Kikatwe chembamba, kifungwe kwa uzi, kikazwe karibu na chubwi. Wako mabingwa wa Ulaya ambao uwanjani hutupa zaidi ya meta 250; lakini hao hutupa risasi tupu, pasipo chambo wala ndoana, juu ya majani makavu. Mvuvi mwenye chambo chake, upepo usoni na mchanga unaoteleza miguuni, akifika meta 80 au 100, amefanya vema. Na asiye na ufito, akizungusha mshipi wa mkono juu ya kichwa na kuuachia, afika hatua 30 au 40. Umbali huo, kama nilivyoonyesha, watosha mahali pengi ziwani. Basi jibu langu kwa waliouliza ni hili: mtu asikope mshahara wa miezi miwili kwa kununua ufito.

Tena umbali una gharama zake. Mshipi wa nailoni ni kitu kinachorefuka. Meta 100 zikivutwa kwa nguvu zaweza kuongezeka meta 10 na zaidi. Samaki akidona kule mbali, mvuvi huku pwani hapati habari upesi, na akivuta, nusu ya nguvu zake zamezwa na mshipi. Mkondo nao una mshipi mrefu wa kuusukuma, hata chubwi liburutwe. Na kila mara ya kutazama chambo ni safari ya kwenda na kurudi. Atupaye meta 40 hurudisha mshipi wake mara mbili na zaidi katika muda ambao mwenzake wa meta 100 arudisha mara moja. Lakini kwa mtu avuaye kwa kijiko cha bati king'aacho, ambacho huvutwa majini tangu kilipoanguka mpaka pwani, hesabu hugeuka: huyo kila meta aliyoitupa ameivua, na umbali wote ni faida yake. Kwa chambo kilalacho chini, faida ni mahali pamoja tu.

Sasa nafika kwenye neno lililo zito kuliko yote. Chubwi la wakia 5 ni karibu gramu 140 za risasi. Likitupwa kwa meta 40 kwa sekunde, mwendo wake ni kilometa 144 kwa saa. Mshipi ukikatika katikati ya kutupa, chubwi halifuati tena njia iliyokusudiwa. Laweza kwenda kando au nyuma, kwa watu. Lampiga mtu kichwani, basi. Fikirini ufuo wa Ujiji siku ya sikukuu: watoto wanaogelea, wanawake wanaosha vyombo, watazamaji wamejipanga pande zote mbili za watupaji, na kila mtupaji anatumia nguvu zake zote, tena kwa mshipi mwembamba kuliko wa mwenzake, kwa sababu mshipi mwembamba ndio uendao mbali na zawadi ni ya umbali. Mabwana, shauri lilivyopitishwa latoa zawadi kwa jambo lile lile linaloongeza hatari.

Hatari ya pili ni ya mtupaji mwenyewe. Atakaye kuongeza hatua 10 huingia majini mpaka kiunoni, kisha kifuani. Baharini chini ya mguu wake kuna taa mwenye mwiba, na mkondo ule wa pengo wamngoja. Ziwani na katika Malagarasi kuna mamba na viboko. Hatua 10 hizo angalizipata kwa kujizoeza majuma mawili katika kiwanja cha mpira.

Hatari ya tatu ni ya samaki. Kuhe, ambaye husemwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote wa ukoo wake, ukoo ule wenye perege, hutaga mayai chini ya maji karibu na pwani, na dume na jike hukaa pamoja kuyalinda mayai na watoto wao. Wakati huo hawaondoki mahali pao, na mtu yeyote aweza kuwanasa kwa mshipi wa karibu. Akiwatoa walinzi, watoto wote huliwa na samaki wengine kwa muda mfupi. Hapo mtupaji wa mbali ndiye asiye na madhara, na mtupaji wa karibu ndiye aharibuye. Jambo hilo si dogo. Kokoro, wavu ule unaokokotwa mpaka pwani, umepigwa marufuku kwa sababu hiyo hiyo, maana huzoa ukingo ambao ndio malezi ya samaki. Na mwaka wa 2024 Serikali ya Tanzania iliufunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika muda wa miezi 3, tangu katikati ya Mei hata katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Wavuvi waliweka mitumbwi yao pwani na kuvumilia. Itakuwa aibu kwetu, watu wa livu wenye mishahara, tukienda kuwavua wazazi wa samaki hao kwa mchezo.

Kwa hiyo, Bwana Rais, naleta mashauri haya, nayo yaandikwe katika kitabu cha mkutano.

Kwanza, mashindano yawe mawili, kila moja na zawadi yake. La kutupa mbali lifanywe kiwanjani hapa Tabora, kwa chubwi tupu lisilo na ndoana, ndani ya mistari iliyochorwa ikipanuka mbele, na watazamaji wote wasimame nyuma sana ya mtupaji. Chubwi litakaloanguka nje ya mistari lisihesabiwe.

Pili, la kuvua lifanywe Ujiji, na zawadi ipimwe kwa uzito wa samaki waliokomaa, wala umbali usiulizwe. Kila mtu achague mwenyewe kutupa mbali au karibu, na mizani itatuambia ni nani aliyeusoma ufuo.

Tatu, kila mshipi ukaguliwe kabla ya kuanza, na asiyefuata kanuni ya ratli 10 kwa wakia 1 asiruhusiwe kutupa.

Nne, mtu asiingie majini kupita magoti, na baina ya mtupaji na mtupaji pawe na hatua 30.

Tano, Katibu amwandikie Afisa Uvuvi wa Kigoma mapema, aulize habari za leseni na za miezi iliyofungwa. Tena tuwaulize wazee wa mwaloni ni sehemu gani kuhe wanalea, nasi tusizikaribie. Kuhe anaswaye akilinda watoto arudishwe mara moja.

Nimeulizwa na mwanachama mmoja kama hatuwezi kujizoeza karibu zaidi. Twaweza. Bwawa la Igombe li karibu na mji wetu, na perege na kambale hawahitaji mtupo wa meta 100. Atakayejifunza huko kuweka chambo hatua 25 mahali alipopakusudia, mara 9 katika 10, atafika Ujiji akiwa mvuvi kuliko yule atupaye mbali asijue kitakapoanguka.

Mabibi na Mabwana, zawadi ya umbali peke yake nawaombeni muifute katika shauri lile la kwanza, na mashauri haya 5 yapigiwe kura leo, kabla wenye livu hawajakata tikiti zao.